Nguvu Inayovuka Mpaka: Historia ya Umeme wa Tororo na Mjadala wa Upepo wa Majini

Utangulizi

Mada ya faida na hasara za umeme unaozalishwa kwa upepo wa majini imekuwa ya kawaida katika midahalo ya shule na vyuo. Wanafunzi huandika insha juu yake, walimu huisahihisha, na mara nyingi hoja zinazotolewa ni zile zile: upepo haununuliwi, hauchafui hewa, ila mitambo yake ni ghali na upepo wenyewe hautabiriki. Hoja hizi ni za kweli. Hata hivyo, nyingi huchukuliwa kutoka kwa watu wa Denmark na Uingereza, kana kwamba sisi wa Afrika Mashariki hatuna historia yoyote ya kutufundisha kuhusu nguvu inayozalishwa mahali pamoja na kutumiwa mahali pengine.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba historia hiyo tunayo, tena ipo hapa mpakani. Tangu mwaka 1958 umeme umekuwa ukivuka mpaka wa Uganda na Kenya kupitia Tororo. Kwanza tutaieleza historia hiyo kwa ufupi. Pili, tutaona maneno ambayo watu wa pande hizi mbili waliyatumia kuupokea umeme. Tatu, tutaitumia historia hiyo kupima faida na hasara za umeme wa upepo, hasa ule wa majini. Mwisho tutatoa mapendekezo machache kwa walimu.

Mpaka na watu wake

Wengi wetu husahau kwamba eneo la Busia na Tororo halikuwa mpakani tangu zamani. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, nchi yote ya magharibi ya Kenya ya leo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Siku hiyo jimbo hilo lilihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya. Wateso, Wasamia na jamaa zao wakajikuta wamegawanywa na mstari ambao hawakuuchora. Ndugu wakabaki huku, ndugu wengine kule. Lugha za nyumbani hazikubadilika, lakini sarafu, shule na sheria za kila upande zilikuja kutengana kadiri miaka ilivyopita.

Jambo hili lina uzito katika mada yetu. Umeme, kama vile maji na upepo, hautambui mpaka. Anayeutambua ni mwenye kuandika mkataba na kutoza bei. Kwa hiyo, kila tunapozungumza juu ya nguvu inayovuka mpaka, tunazungumza pia juu ya watu ambao nguvu hiyo inapita juu ya vichwa vyao.

Kutoka Jinja hadi Tororo, kutoka Tororo hadi Nairobi

Wazo la kuyatumia maji ya Nile pale yanapotoka katika ziwa ni la zamani. Winston Churchill, aliyepita Jinja mwaka 1907, alilitaja katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1908. Utekelezaji ulisubiri hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Bodi ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mhandisi Charles Westlake. Mwaka 1949 Uingereza na Misri zilikubaliana kuhusu ujenzi wa bwawa, kwa kuwa Misri ilihofia maji yake. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Kituo kilipangwa kuwa na mitambo 10, kila mmoja wa megawati 15, yaani megawati 150 kwa jumla. Mtambo wa mwisho ulifungwa mwaka 1968. Leo kituo hicho kinaitwa Nalubaale, jina la ziwa lenyewe kwa Kiganda.

Tatizo lililoikabili Bodi mwanzoni halikuwa uhaba wa umeme, bali uhaba wa wanunuzi. Serikali ya kikoloni ilitarajia kwamba viwanda vingejaa Jinja mara tu umeme utakapopatikana. Viwanda vilikuja, lakini polepole. Kule Tororo kiwanda cha saruji kilianzishwa, kikisaidiwa na chokaa iliyopo katika eneo hilo, na laini ya umeme ikavutwa kutoka Jinja. Hata hivyo, mteja mmoja au wawili hawatoshi kulipa deni la bwawa kubwa kama lile.

Mteja mkubwa alipatikana ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1954 iliundwa Kampuni ya Umeme ya Kenya kwa kazi maalumu: kujenga laini ya kilovolti 132 kutoka Tororo hadi Nairobi, pamoja na kituo cha kupokelea umeme huo katika barabara ya Juja. Mwaka 1955 mkataba wa muda mrefu ulitiwa saini, na kuanzia mwaka 1958 Uganda ikawa inaiuzia Kenya umeme wa hadi megawati 30. Kwa wakati ule kiasi hicho kilikuwa kikubwa sana kwa nchi kama Kenya.

Tutazame hapo ni nani aliyefaidika. Bodi ya Uganda ilipata fedha za kulipia deni lake. Viwanda vya Nairobi na miji ya nyanda za juu vilipata umeme bila kuchoma mafuta. Kenya ilikuwa bado katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952 na kuondolewa mwaka 1960, na wenye nyumba zilizounganishwa na umeme walikuwa wachache, wengi wao wakiwa Wazungu na Wahindi. Mkulima wa mpakani aliyeona milingoti ya chuma ikisimikwa alikuwa mtazamaji tu. Umeme wa kilovolti 132 hauwezi kushushwa nyumbani kama mtu anavyoteka maji mtoni. Unahitaji kituo cha kuupunguza nguvu, transfoma na laini ndogo ndogo. Vitu hivyo hujengwa penye wanunuzi wenye fedha. Hivyo nguvu ilipita juu, na chini watu wakaendelea kuwasha koroboi.

Waya uliodumu kuliko Jumuiya

Baada ya uhuru laini hiyo ilipita katika misukosuko mingi. Idi Amin aliingia madarakani Januari 1971. Mwezi Februari 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda, na uhusiano wa nchi hizi mbili ukaharibika vibaya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la reli likagawanywa, shirika la ndege likagawanywa, posta ikagawanywa. Desemba 1987 askari wa pande mbili walipigana risasi hapo Busia, na kwa siku kadhaa mpaka ukawa mahali pa hofu. Pamoja na hayo yote, biashara ya umeme kati ya nchi hizi haikufa. Sababu yake ni nyepesi kuieleza: muuzaji alihitaji fedha na mnunuzi alihitaji nguvu. Mapatano ambayo kila upande unapata hasara ukiyavunja huwa na maisha marefu kuliko hotuba za viongozi.

Kenya, hata hivyo, ilijifunza kutotegemea waya mmoja. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mabwawa yalijengwa katika mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kuzalishwa Olkaria mwaka 1981. Bwawa la Turkwel lilifuata mwaka 1991.

Kisha ikaja fundisho la pili. Maji nayo hukauka. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 uliifanya Kenya igawe umeme kwa zamu, na biashara nyingi zikapata hasara. Uganda ilionja jambo hilo hilo miaka michache baadaye: kati ya mwaka 2004 na 2006 kina cha Ziwa Viktoria kilishuka sana, uzalishaji wa Jinja ukapunguzwa, na Kampala ikazoea giza. Waya wa Tororo uliojengwa kupeleka umeme upande mmoja ukawa wa manufaa pande zote, kwa maana mwenye ziada angeweza kumsaidia mwenye upungufu, ikiwa tu upungufu haukuwapata wote kwa pamoja. Baadaye Uganda ilijenga Bujagali, uliokamilika mwaka 2012, Isimba mwaka 2019 na Karuma wenye megawati 600, uliozinduliwa mwaka 2024. Laini nyingine kubwa, iliyoundwa kubeba hadi kilovolti 400, imejengwa kati ya Lessos na Tororo. Kwa hiyo mji wa Tororo umebaki kuwa mlango wa umeme kama ulivyokuwa mwaka 1958.

Stima, umeme na masannyalaze

Hapa walimu wa lugha tutasimama kidogo. Mtu akivuka mpaka wa Busia kwa miguu, katika hatua mia chache tu atasikia kitu kimoja kikiitwa kwa majina matatu. Upande wa Kenya watu husema stima, neno lililotoka katika Kiingereza na ambalo kwanza lilihusu mvuke na meli zilizoendeshwa kwa mvuke. Meli ikaondoka katika maana, nguvu ikabaki. Upande wa Uganda husikika neno la Kiganda, amasannyalaze, lenye uhusiano na kitenzi cha kupooza au kufa ganzi. Aliyewahi kunaswa na umeme hahitaji maelezo zaidi. Katika Kiswahili sanifu tunasema umeme, neno lililokuwepo zamani kwa ajili ya ule mwanga unaotangulia radi.

Ni jambo la kuvutia kwamba Uganda, nchi ambayo Kiswahili kilichukua muda mrefu kukubalika, iliona kampuni yake ya kusambaza nishati ikichukua jina la Kiswahili. Kampuni ya Umeme ilianza kazi tarehe 1 Machi 2005 na mkataba wake wa miaka 20 ulimalizika tarehe 31 Machi 2025, shughuli zake zikarudi kwa kampuni ya serikali. Kwa miaka yote hiyo Mganda asiyejua sentensi moja ya Kiswahili alilitamka neno hili kila mwezi alipolipa bili, na kila usiku alipolalamikia giza. Maneno husafiri kama nguvu yenyewe: hupita penye haja.

Upepo nao una msamiati wake, tena mkubwa kuliko ule wa umeme. Mabaharia wa pwani walitofautisha kaskazi na kusi, matlai na umande. Waliutaja pia wakati wa malelezi, yaani kipindi kati ya pepo mbili ambapo upepo hugeukageuka na hautegemewi. Insha nyingi za wanafunzi hueleza kwa maneno mengi ya kuazima kwamba umeme wa upepo una tatizo la kukosa uthabiti. Lugha yao imekwisha kulipa jina tatizo hilo karne nyingi zilizopita. Jahazi lilisubiri bandarini upepo ugeuke. Gridi ya taifa haiwezi kusubiri.

Upepo wa nchi kavu: fundisho la Loiyangalani

Kabla ya kuingia majini, tuutazame upepo wa nchi kavu, kwa kuwa Kenya ina uzoefu nao. Mitambo ya kwanza ya kuunganishwa na gridi ilisimikwa katika vilima vya Ngong mwaka 1993. Hatua kubwa ilikuja Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Huko ilisimikwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 kwa jumla.

Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa haikuwa tayari. Ilikamilika Septemba 2018, na mradi ukazinduliwa rasmi Julai 2019. Kwa kipindi hicho cha katikati upepo ulivuma, mapanga yakazunguka bure, na Kenya ikawajibika kulipa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja. Aidha, Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria, baada ya wakazi kulalamika kwamba ardhi ya jamii ilichukuliwa pasipo wao kushirikishwa ipasavyo. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani. Kampuni ya kusambaza umeme ilisema chanzo kilikuwa kupotea kwa umeme wa kituo hicho. Wenye kituo wakasema mitambo yao ilijizima kwa sababu ya hitilafu iliyoanzia katika gridi yenyewe.

Msomaji ataona kwamba katika mambo haya matatu, yaani laini, ardhi na gridi, hakuna hata moja ambalo ni kosa la upepo.

Faida na hasara za upepo wa majini

Mitambo ya kwanza ya upepo kujengwa baharini kwa ajili ya biashara ilisimikwa Vindeby, Denmark, mwaka 1991. Ilikuwa 11, na yote kwa pamoja haikufika megawati 5. Ilifanya kazi kwa miaka 25 hivi na kuondolewa mwaka 2017. Mwaka huo huo, katika bahari ya Scotland, kituo cha kwanza cha mitambo inayoelea kilianza kazi kikiwa na mitambo 5 na megawati 30. Tangu hapo ukubwa wa vituo vya baharini umekua mno, hasa Uingereza na China. Afrika Mashariki bado haina kituo hata kimoja cha aina hiyo.

Faida zake zinajulikana. Kwanza, juu ya maji hakuna milima wala misitu ya kuuzuia upepo, hivyo huvuma kwa nguvu na kwa utulivu zaidi. Pili, mapanga makubwa ambayo hayawezi kupitishwa katika barabara nyembamba husafirishwa kwa meli. Tatu, hakuna shamba la mtu linalochukuliwa. Nne, kwa nchi zinazotegemea mabwawa, upepo unaweza kusaidia wakati wa ukame, na maji yakahifadhiwa kwa siku ambazo upepo umelala. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Hasara nazo tuziweke wazi. Gharama ya kujenga misingi majini na kuifanyia ukarabati ni kubwa kuliko ya nchi kavu. Chuma huliwa na chumvi. Fundi hawezi kufika kwenye mtambo siku ambayo bahari imechafuka. Katika pwani yetu, sehemu nyingi sakafu ya bahari huteremka ghafla si mbali na ufuo, na palipo na maji machache pana matumbawe na wavuvi.

Kisha kuna suala la waya. Zanzibar inaweza kutueleza. Tangu mwaka 1980 kisiwa cha Unguja kilipata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara. Hitilafu ilipotokea Mei 2008, kisiwa kilikaa gizani kwa karibu mwezi mzima. Ilipotokea tena Desemba 2009, giza lilidumu hadi Machi 2010. Hoteli ziliendesha jenereta, pampu za maji zikasimama, na akina mama wakabeba ndoo. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kutumika mwaka 2013. Fundisho ni kwamba kinachotegemea waya mmoja hakina pa kukimbilia siku waya huo unapokatika.

Na huku kwetu je? Busia haina bahari, lakini ina ziwa. Upande wa Kenya upo ufuo wa Bunyala na Samia, penye Port Victoria na Sio Port. Upande wa Uganda upo Majanji. Iwapo siku moja atatokea mwekezaji wa kusimika mitambo katika maji haya, swali la kwanza litakuwa: maji haya ni ya nani? Kisiwa cha Migingo, mwamba mdogo uliojaa mabanda ya wavuvi, kilizigombanisha serikali hizi mbili kuanzia mwaka 2008 na 2009 kwa sababu ya samaki aina ya sangara. Hoja kwamba majini hakuna shamba la mtu haiwezi kukubalika kwa mvuvi. Kwake yeye maji ndiyo shamba. Hana hati ya kuonyesha mahakamani, wala hawezi kuhesabiwa miti na kulipwa fidia. Nyavu zake zikizuiwa kupita kati ya mitambo, atakuwa amenyang'anywa kitu ambacho karatasi hazikuwahi kukitambua kuwa chake.

Hapo ndipo mwaka 1958 unapotusaidia. Waya wa Tororo ulikuwa jambo jema. Uliunganisha nchi, ukalipa deni, ukadumu. Ila waliokaa chini yake hawakutajwa katika mkataba, na kwa hiyo hawakupata kitu. Wengi walisubiri zaidi ya nusu karne, na upande wa Kenya wapo waliounganishwa tu kupitia mpango wa serikali ulioanza mwaka 2015 wa kuwafikia walio karibu na transfoma. Kama umeme wa upepo utakuja ziwani au baharini, sehemu ya jirani wa mtambo yafaa iandikwe katika mkataba kabla ya mlingoti wa kwanza kusimikwa. Kuiandika baadaye ni vigumu, kama Loiyangalani ilivyoonyesha.

Mapendekezo kwa walimu

Kwanza, mwalimu anayetoa mada hii kwa ajili ya insha au mdahalo awatake wanafunzi wataje angalau mfano mmoja wa Afrika Mashariki katika kila upande wa hoja. Pili, wanafunzi wa Busia, Malaba na Tororo watumwe kwa wazee wao kuuliza ni lini umeme ulifika kijijini na uliitwaje. Majibu yao yatakuwa historia na somo la msamiati kwa pamoja. Tatu, wanaofundisha ushairi na utenzi wa pwani wawaonyeshe wanafunzi majina ya pepo, ili wasiamini kwamba sayansi ya upepo imeanza kwa lugha za wengine.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba umeme wa upepo wa majini una faida za kweli na hasara za kweli, na kwamba nyingi kati ya hizo tumekwisha kuziona katika sura nyingine: katika maji ya Jinja, katika waya wa Tororo, katika giza la Unguja na katika upepo wa Loiyangalani. Mtambo mzuri ukiwa na waya mbovu ni hasara. Waya mzuri ukiwa na mkataba mbovu ni hasara kwa wale wanaoishi chini yake. Mwanafunzi atakayelielewa jambo hilo ataandika insha iliyo bora zaidi, na huenda siku moja akaketi katika meza ambako mkataba wenyewe unaandikwa.